MASWALI YENU: Hivi mhariri mtendaji wa TV anafanya kazi gani hasa?

Toleo lililopita niligusia kidogo mambo ya chumba cha habari cha televisheni na barua zikamiminika, nyingine za hasira nyingine za kuomba ushauri, kwahiyo mwezi huu nimeweka pembeni mengine yote najibu hizi tu. Majina sijaweka, mnajua wenyewe sababu.

Shikamoo mama. Mimi ni ripota wa kituo kimoja cha TV huku Kanda ya Ziwa. Mhariri mtendaji wetu haendi fildi, hashiki kamera, hasomi taarifa ya habari, lakini kila jioni lazima aikate stori yangu au airudishe. Juzi nimekaa kwenye mgogoro wa ardhi tangu alfajiri, wananchi wanalia, picha kali kweli, nimerudi kaifyeka yote kabakiza sekunde 40 za kusomwa na mtangazaji basi. Kazi yake huyu mtu ni nini hasa? — Ripota, Mwanza

Marahaba mwanangu, pole na uchovu. Ntakujibu kwa urefu manake swali lako ndo wanalojiuliza maripota wengi na hakuna anayekaa kuwaeleza.

We unamuona jioni tu, saa ya kukata. Siku yake imeanza wewe bado umelala. Kabla ya kikao cha asubuhi ameshasikiliza redio, ameshapitia magazeti, ameshasoma yale magrupu ya WhatsApp ya maafisa habari wa halmashauri na polisi na wawakilishi wa mikoani, na kichwani ana orodha ya stori kumi na kitu wakati garini kuna mafuta ya kwenda sehemu mbili. Hapo ndo kazi yenyewe inapoanzia, kuchagua. Waziri yuko Misungwi anazindua mradi wa maji, kuna mwili umeokotwa ufukweni, wamachinga wanahamishwa, na kuna shule watoto wanakaa chini. Kamera ni tatu na moja betri yake haifiki saa moja. Nani aende wapi? Akipeleka kamera zote kwa waziri mtalalamika kituo kimekuwa cha serikali, asipompeleka mtu kwa waziri simu zitapigwa. Yeye ndo anabeba hilo.

Kwenye kikao, mhariri anayejua kazi anaanza na ya jana kabla ya ya leo. Jina la mtu limeandikwa vibaya chini ya skrini, picha za maktaba, yaani za zamani, zimetumika bila kuandikwa kwamba ni za maktaba, pakeji (stori kamili yenye picha na sauti ya ripota) imezidi dakika tatu, mtangazaji kasoma "milioni" badala ya "bilioni". Yakishasemwa hayo ndo mnagawana kazi. Mchana wote anazima moto: mwakilishi wa Geita intaneti imegoma picha haziji, edita wa video kafiwa kaomba ruhusa, mtu aliyehojiwa jana kapiga simu anasema alinukuliwa vibaya na lazima mkanda mzima usikilizwe tena. Jioni ndo zinaanza skripti. Anasoma kila moja, anapanga randauni, ule mpangilio wa stori za taarifa, na prodyuza, ipi ifungue taarifa, ipi iende katikati, ipi iwekwe akiba kama laivu ikikata. Saa mbili usiku taarifa ikiwa hewani yuko macho, na ikiisha yuko macho bado, manake ndo muda wa simu za watu wasiofurahi.

Na usichanganye vyeo mwanangu, ingawa navyo kila kituo kina majina yake. Juu kabisa kuna mkurugenzi wa habari au mkuu wa maudhui, huyo ni wa bajeti, sera na kuongea na wenye mali. Chini kuna mhariri wa zamu au prodyuza, huyo ni wa taarifa moja ya siku hiyo. Mhariri mtendaji yuko katikati ya hao, anashika chumba chote cha habari kila siku, watu, ratiba, stori, sheria, na makosa. Kwenye vituo vyetu vya mikoani mara nyingi ni mtu mmoja anafanya hizo tatu zote alafu saa nyingine na kutafsiri habari za kimataifa ni yeye, sasa huyo ukimwambia aende fildi nani abaki?

Turudi kwenye mgogoro wako wa ardhi. Nakuuliza kama ningekuuliza dawatini. Afisa ardhi wa wilaya ulimpata? Anayedaiwa kuvamia ulimpigia? Kuna kesi mahakamani au baraza la ardhi? Kuna mtu kakuonyesha karatasi yoyote au wote wamesema tu? Na kwenye hizo picha kali, kuna watoto wanaonekana sura? Kama majibu mengi ni hapana, basi ulichomletea kilikuwa nusu ya stori na yeye hakukitupa, kakitoa kwa sekunde 40 kwa kiwango ambacho kinaweza kusimama, yaani kuna mgogoro, uko mahali fulani, wananchi wanadai hivi, mamlaka zinatafutwa. Kesho yake nenda na stori ileile ukiwa na upande wa pili, uone kama hatakupa dakika mbili na nusu zako.

Ila na yeye nina neno naye. Mhariri anayekata bila kusema kwa nini anaharibu ripota. Ukikata stori ya kijana lazima umuite, hata dakika tano, umuonyeshe sentensi ipi ilikuwa na shida, asipojua kosa lake kesho atalirudia na wewe utakata tena na mtaishi hivyo mwaka mzima. Hilo ni jukumu lake na unayo haki kulidai. Muombe kwa adabu, mkiwa wawili, sio kwenye grupu la ofisi, muulize "bosi nikileta nini hii inakuwa pakeji kamili?" Akikujibu kwa matusi au akinyamaza kila siku, hapo ndo unapanda kwa mkurugenzi, tena kwa maandishi.

Dada shikamoo. Nimeteuliwa mhariri mtendaji miezi michache iliyopita kwenye TV ndogo ya mkoani, mwanamke wa kwanza hapa. Tuna stori ya kiwanda kimoja kinamwaga maji machafu mtoni, picha tunazo, wanakijiji wameongea. Mtu wa masoko kaja kusema kiwanda ndo kinatupa matangazo makubwa ya biashara nisiiguse, na bado kuna mkubwa wa wilaya kapiga anataka kujua "hiyo stori imefika wapi". Wenzangu niliokuwa nao ripota wanasema nimekuwa muoga. Nifanyeje? — Nyanda za Juu Kusini

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kiti hicho wanawake wanakipata kwa shida na wanakalia miiba.

Mtu wa masoko ana haki moja tu kwenye stori yako, kukuletea namba ya simu ya msemaji wa kiwanda. Basi. Kuamua itoke au isitoke sio kazi yake, na hili inatakiwa liwe limeandikwa kwenye sera ya uhariri ya kituo. Kama hamna sera ya uhariri iliyoandikwa, kaa chini wiki hii uandike hata kurasa mbili mkurugenzi asaini, usingoje semina. Akija tena mwambie "naomba hilo uniandikie kwa imeili". Wengi huishia hapo hapo, manake hakuna anayetaka jina lake libaki kwenye maandishi ya kuzima habari ya maji ya watu kunywa.

Alafu hakikisha stori yenyewe imekomaa, kwa sababu stori mbichi ndo inampa mwenye kiwanda silaha. Kiwanda kimepewa muda wa kujibu? Muda wa kweli, usimpigie msemaji saa moja na nusu jioni kwa taarifa ya saa mbili alafu useme "hakupatikana", hiyo ni hila na mtazamaji siku hizi anaijua. NEMC, wale wa mazingira, umewauliza? Bodi ya maji ya bonde wamesema nini? Maji yamepimwa na mtu yeyote au mnasema machafu kwa kuona rangi? Kama hayajapimwa usiseme yana sumu, sema yana rangi hii na harufu hii na wanakijiji wanaeleza hivi. Ukishakuwa na hayo, itoe. Tangazo linaweza kuondoka kweli, sikudanganyi, na ndo maana unaongea na mkurugenzi kabla ya kurusha, sio baada, ili asishtukizwe na simu ya mwenye kiwanda.

Kuhusu mkubwa wa wilaya. Kuulizia hakuzuiliwi, mjibu kwa heshima kwamba stori iko mezani na ofisi yake kama ina la kusema inakaribishwa. Mpaka uko pale anapotaka kukupangia. Mnakumbuka Machi 17, 2017, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliingia usiku ofisi za kituo cha Clouds na askari wenye silaha, kwa ajili ya klipu ambayo waandaaji walikuwa hawajairusha kwa sababu haina upande wa pili. Waandaaji wale walikuwa vijana tu wa kipindi cha burudani! Lakini walishika kanuni ileile ya mizania ambayo wengine tunaifundisha darasani tunaisahau kazini. Waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akaunda kamati, kamati ikatoa ripoti, na kesho yake tarehe 23 yeye mwenyewe akaondolewa uwaziri. Nimelitaja ili ujue presha ikija inaweza kuja kubwa kuliko cheo chako, kwahiyo usiibebe peke yako. Una mkurugenzi, una Jukwaa la Wahariri, una Baraza la Habari. Piga simu mapema.

Majirani zetu Kenya nao Januari 2018, wakati kiongozi wa upinzani Raila Odinga anajiandaa kujiapisha "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, mwenyekiti wa chama cha wahariri Linus Kaikai, ambaye pia alikuwa bosi wa NTV, alitoka hadharani na tamko kwamba wakuu wa vyombo vya habari wameitwa Ikulu na kutishiwa kuzimwa wakirusha laivu. Januari 30 wakazimwa kweli, Citizen, NTV na KTN, na Mahakama Kuu ilipoamuru warudishwe bado serikali ikavuta siku. Ninachokipenda pale ni kwamba alisema wazi na mapema, kabla skrini hazijawa nyeusi, na kila mtu akajua nani kafanya nini.

Upande mwingine wa kazi yako ni kujua sheria itakukamatia wapi. Januari hiyohiyo ya 2018 huku kwetu Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwapiga faini vituo vitano, ITV, Star TV, Channel Ten, EATV na Azam Two, jumla shilingi milioni 60, kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Ilikuwa presi ya kawaida, yaani mtu kaita waandishi akasoma taarifa yake. Mimi naona adhabu ile ilikuwa kali mno na iliogopesha vyumba vingi vya habari kwa muda mrefu, lakini mhariri lazima ajifunze nayo kitu, ukishairusha kauli ya mtu kwenye taarifa yako imekuwa yako na wewe utaulizwa. Presi ya mtu isitoke kwenye kamera kwenda hewani bila mtu kupiga simu upande unaotajwa.

Wenzako wanaosema umekuwa muoga, usigombane nao. Wape ratiba ya haki, zamu za usiku na sikukuu zizunguke kwa wote wakiwemo marafiki zako, safari zenye posho zisiende kwa walewale. Heshima itakuja kwa njia hiyo.

Na jingine hukuniuliza ila nalisema kwa kuwa wewe ni mwanamke na mabinti watakuangalia. Taarifa ya usiku ikiisha, mabinti wanarudi nyumbani na nini? Hakikisha gari lipo, lipiganie kwenye bajeti kabla ya kamera mpya. Na rushwa ya ngono kwenye kupanga nani asome habari na nani apewe mkataba, hiyo ipo, tusifichane. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inaitaja kabisa kuwa ni kosa. Binti wa mazoezi kwa vitendo akija kukulilia usimwambie avumilie. Andika, mpeleke TAKUKURU ikibidi, na mhusika asibaki kwenye zamu moja naye hata siku moja zaidi.

Habari za kazi. Mimi ni mtazamaji tu. Siku ndege ilipoanguka ziwani hapa kwetu Novemba 2022 tulikuwa na video kwenye simu watu wanavuta kamba, TV zikaja baadaye na namba zikawa zinabadilika. Sasa wahariri wa nini kama simu inawashinda? — Bukoba

Nzuri, na poleni tena kwa msiba ule.

Simu ilishinda kwa picha, ni kweli, na itashinda siku zote kwa sababu mwenye simu yuko ufukweni na kamera iko mjini. Lakini kumbuka siku ile yenyewe. Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air imetoka Dar kuja Bukoba, ndani watu 43. Ndani ya saa chache kulikuwa na taarifa za waliookolewa, taarifa za marubani wako hai wanaongea, idadi ya waliofariki ikianza na chache, na jioni imekuwa 19. Sasa we fikiria una ndugu ndani ya ndege ile na TV inatangaza jina lake kwa kufuata meseji iliyosambazwa kwenye grupu. Hapo ndo mhariri anafanya kazi isiyoonekana, anakaa na namba tatu tofauti mkononi na anasema tunatoa ya mkuu wa mkoa tunasema ni ya mkuu wa mkoa na tunasema imetolewa saa ngapi, majina hatutoi mpaka familia zijue, na hiyo video ya mwili ukitolewa majini haipandi hata kama ya TikTok ina watazamaji laki.

Ninachokubaliana na wewe ni kuchelewa kwa uzembe. Kituo kinakaa kimya saa nzima kinapiga muziki wakati mji mzima uko ziwani, hiyo haina utetezi. Mhariri angeweza kukatisha kipindi akasema tunajua hiki na hiki, hiki hatujathibitisha, tunarudi. Watu wangeelewa. Kenya uchaguzi wa 2022 waliona upande mwingine wa haraka, tume ilipandisha fomu za matokeo za vituo vya kupigia kura mtandaoni, zaidi ya elfu arobaini na sita, kila TV ikajumlisha kwa mpangilio wake, ukibadili chaneli huyu anaongoza ukirudi yule anaongoza, watu presha juu, mwisho vituo vikapunguza kasi na kuacha kujumlisha. Kila namba pale ilikuwa ya kweli, fomu ni za tume yenyewe! Kilichokosekana ni wahariri kukaa pamoja kabla na kukubaliana wanahesabu vipi.

Mama mimi ni mwakilishi wa TV wilayani, nalipwa kwa stori, ikikatwa silipwi. Nikienda kwenye semina nikipewa bahasha ya nauli nakataaje na watoto wanasubiri? — Jina limehifadhiwa

Mwanangu hili linaniuma. Mhariri mtendaji anayekaa makao makuu anahubiri maadili huku anajua mwakilishi wake kanunua bando mwenyewe, kapanda bodaboda kwa hela yake na stori ikikatwa halipwi, huyo anajua vizuri bahasha inatoka wapi. Kazi ya kwanza ya mhariri kwa wawakilishi ni kuwapigania nauli na bando vilipwe hata kama stori haikutoka, ili mradi yeye ndo aliyewatuma. Hiyo sio hisani.

Kwako wewe, nauli ya wazi inayotolewa kwa waandishi wote kwa kusaini, mjulishe mhariri wako kwamba umeipokea na kutoka kwa nani, ili iwe mezani. Bahasha anayokupa mtu pembeni na kukuambia "uniangalie kwenye stori" irudishe, kwa sababu siku ukileta habari mbaya ya mtu huyo ndo ya kwanza atakayoitaja. Na jiungeni. Klabu za waandishi za mikoa zipo karibu kila mkoa, zitumieni kuandika barua ya pamoja kwa vituo kuhusu malipo, mtu mmoja akilalamika anaachwa, wilaya nzima ikiacha kutuma picha wanasikia.

Nasoma diploma ya uandishi wa habari, nataka siku moja niwe mhariri mtendaji wa TV. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Morogoro

Anzia kwenye kuandika sentensi fupi ambayo mtu aliyeko jikoni anageuza ugali ataielewa akiisikia mara moja, hakuna kurudia. Soma Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 pamoja na mabadiliko yake ya 2023, na kanuni za maudhui za TCRA, mwenyewe, sio kwa kuambiwa na wakubwa. Jifunze kukata video hata kwenye simu, ili edita asije akakuambia "haiwezekani" kumbe inawezekana. Na ukienda mazoezi kwa vitendo wenzako watagombania kamera na kusoma habari, wewe omba wakuweke na prodyuza kwenye randauni kuanzia saa tisa mchana mpaka taarifa iishe, na siku umeme ukikatika kabla ya saa mbili usikimbilie nyumbani, baki uone wanafanyaje.